Musambi Aliyeitwa Mami

Tulimzika binamu yangu Vensensia pale Nyakabere, kando ya mama yake, siku yenye jua kali na vumbi jingi. Baada ya mazishi wanawake walinitafutia kiti kivulini, kwa kuwa sasa mimi ndiye mzee kuliko wote katika ukoo ule, na mmoja wa wajukuu wa marehemu, msichana wa shule ya msingi, akaja kuketi miguuni pangu. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza: "Bibi, iko kweli ulikuwaka na musambi mwenye alikuwa analala mu nyumba? Bibi Vensensia alikuwa anatuambia, lakini siye tulikuwa tunaona anatuongopea." Waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kicheko kile cha matanga kinachoomba ruhusa. Nikamjibu kwamba ni kweli, kwamba musambi, yule korongo mrefu mwenye taji la manyoya ya dhahabu, alilala nyuma ya mlango wa chumba nilicholala mimi na bibi yake. Nikataka kuendelea, nikakwama. Miaka yote niliposimulia habari hii Vensensia alinikatiza: si mlango wa mbele, ulikuwa wa nyuma, si mahindi, ulikuwa mtama. Sasa hapakuwa na mtu wa kunikatiza. Ningeweza kusema lolote na wote wangeniamini, na jambo hilo lilinitia upweke kuliko jeneza lenyewe. Ndiyo sababu naandika, nikijaribu kujikatiza mwenyewe pale ambapo yeye angenikatiza.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama yangu alikuwa amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, huko juu milimani, mbali kupita Kamanyola, na watoto hawakuruhusiwa kukaribia vitanda vya huko. Nikaletwa bondeni kwa Shangazi, mama yake Vensensia. Ya kabla ya hapo nayaacha. Kila ninapoyagusa huwa naona tu mgongo wa mama akipanda kamyo, lori la mizigo, na kikwembe, kitenge chake cha buluu, kimenaswa kwenye msumari wa ubao. Ninachokiona vizuri ni chumba cha kwa Shangazi. Kilikuwa na kitanda cha miti, mkeka mmoja, dirisha la kufunga kwa ubao, na wakati wa mavuno magunia ya pamba yaliyorundikwa mpaka karibu na paa, kwa sababu kila mtu wa bonde alilima pamba miaka ile, apende asipende. Tulilala tukinusa pamba, moshi, na kikapu cha ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kilichoning'inia juu yetu. Asubuhi tuliamka na nyuzi nyeupe kichwani, Shangazi akatusalimia kwa heshima zote, "Mwaramutse, wazee," bila hata kutabasamu, na Vensensia alijikunja kwa kicheko.

Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni tulikula bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese, au maharage, na alipokwenda Kalundu, kwenye bandari, alirudi na mikeke wawili watatu. Harufu ya samaki wale ilinikumbusha nyumbani mpaka tonge likagoma kushuka. Shangazi aliona. Alimega samaki, akatoa miba kwa vidole vyake vigumu, akaniwekea nyama ukingoni mwa sahani akitazama kwingine. Nikimuuliza habari za mama jibu lilikuwa lile lile: "Iko napona polepole. Kula." Leo ninajua kwamba mtu anaweza kukupenda sana na asiwe na njia nyingine ya kukuambia isipokuwa miba iliyotolewa. Wakati ule niliona tu kwamba hanitazami.

Mami alikuja ndani ya kofia. Mume wa Shangazi alikuwa kwenye kazi ya kuchoma matete karibu na mto Ruzizi ili yafunguliwe mashamba mapya, na katika majivu wakamkuta kifaranga mmoja, mwenye rangi ya mchanga, miguu mirefu isiyolingana na kiwiliwili, na kidole kimoja cha mguu wa kushoto kimeungua. Alimleta akidhani tutamfuga tumle. Lakini kifaranga aliruka kutoka kwenye kofia, akapita katikati ya kuku, akapita miguuni pa Vensensia, akaja kusimama kwenye kivuli changu. Nilipohama, akahama. Nikasema ataitwa Mwami, yaani mfalme, kwa ajili ya taji atakalovaa akikua. Shangazi aliacha kupepeta unga.

"Weye! Unaita ndege Mwami? Unataka polisi ya chefu isikie, batufunge siye wote?"

Basi Vensensia akaondoa herufi moja, jina likawa Mami. Shangazi alifungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye ungo wake. Watoto wa mjini ndivyo walivyoita mama zao, na mimi mwenyewe sikulifikiria hilo wakati ule. Nadhani Vensensia alilifikiria. Alikuwa amenizidi umri wa kutosha kujua kwamba mtoto anahitaji kulitamka neno lile kila siku, kwa sababu yoyote.

Nilimlisha mchwa, panzi na mtama uliotafunwa. Alijifunza mwenyewe ile tabia ya jamii yake ya kukanyaga-kanyaga ardhi ili wadudu waruke, akawa anaifanya hata ndani ya nyumba, kwenye sakafu ya udongo, alfajiri, mpaka mume wa Shangazi akalalamika kwamba amefuga askari. Alichechemea kidogo kwa ajili ya kile kidole. Alinifuata kisimani, alinisubiri nje ya darasa la katekisimu, na siku moja aliingia kanisani katikati ya Ekaristi, akatembea polepole mpaka kwenye benchi la wasichana, na Padri akangoja mpaka kicheko kiishe. Usiku alisimama nyuma ya mlango kwa mguu mmoja. Nikiamka kwa ndoto, na mwaka ule niliamka mara nyingi, nilinyoosha mkono gizani nikagusa mguu mwembamba, mkavu na wa vuguvugu, nikalala tena.

Kiangazi kilipofika alikuwa na urefu wa kunifikia kifuani na mabawa meupe yenye hudhurungi nyuma. Mume wa Shangazi akasema tumkate manyoya ya bawa moja la sivyo ataruka. Vensensia akaleta mkasi. Shangazi ndiye aliyekataa. "Hapana," alisema. "Siye tuko na mugonjwa. Mu nyumba hii hatukate kitu chenye iko kizima." Mkasi ukarudishwa kwenye kopo. Asubuhi moja misambi wawili wa porini walipita juu yetu wakielekea mtoni, wakipiga ile sauti yao kama mtu anayepuliza pembe kutoka mbali sana. Mami alinyoosha shingo. Alikimbia urefu wa ua mzima, akichechemea, kisha hakuwa akikimbia tena. Jioni alirudi. Kesho yake alirudi tena, amechelewa. Na siku iliyofuata hakurudi.

Sijui namna ya kueleza jinsi nyuma ya mlango palivyokuwa patupu. Siku ya pili yake, jua likiwa bado halijazama, katekista alifika na kinga, baiskeli yake, imejaa vumbi la barabara ya Kamanyola. Shangazi akatutuma mimi na Vensensia tukachote maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nilisahau kibuyu changu nikarudi kukichukua nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa wa matete tu. Nikasikia sauti ya mume wa Shangazi: "Basi ameenda." Na katekista: "Ameenda." Halafu Shangazi: "Hatarudi tena." Sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. "Mutoto tusimuambie kwanza. Mumuache apate nguvu."

Nilisimama pale na kibuyu mkononi, nimejaa hasira. Niliona wazi kabisa kilichotokea: katekista alipopita karibu na mto amemwona Mami akienda na wenzake, na sasa watu wazima wameamua kati yao kwamba ndege wangu hatarudi, na tena kunificha. Wanajua nini wao? Nani kati yao aliyemtafunia mtama? Usiku ule Shangazi aliniwekea samaki wote, yeye hakula. Nikadhani ni kwa sababu anajua ananidanganya.

Asubuhi, wote walipokwenda shambani, nilichukua mtama kwenye pindo la nguo nikaelekea mtoni. Nilivuka mashamba ya pamba, nikavuka nyasi zilizonipita kichwa, nikaingia mahali ambapo ardhi ilianza kunyonya miguu na matete yalisimama pande zote kama ukuta wa jiko la Shangazi, ila huu ulikuwa hauishi. Watoto tulikatazwa kufika huko. Kila baada ya muda nilisimama nikaita kwa nguvu zote: "Mami! Mamiii!" Nikanyamaza kusikiliza. Upepo tu, na vyura, na ndege wadogo waliofadhaika. Nikaita tena. Mara matete yakafunguka, akatokea mwanamke mmoja wa kabila la Bafuliiru, amekunja nguo mpaka mapajani, ana mundu mkononi. Alikuwa akikata mafunjo ya kufumia mikeka. Watu walimwita Mama Furaha.

"Weye mutoto, uko naita nani?"

"Niko naita Mami."

"Mama yako ameingia mumatete? Na mamba iko humu!" Alikuwa ameshaanza kutupa mzigo wake.

"Si mama. Ni musambi yangu. Alinikimbia."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Musambi! Na minye nilikuwa nakimbia kumuokoa!" Akapangusa macho, akanionyesha kwa mundu. Misambi walikuwa wengi, alisema, kule mbele palipoungua, majani machanga yalikuwa yameota. "Fuata ukingo wa mafunjo. Ukiona njia yenye majani yamelala chini, usikanyage pale. Ni njia ya kiboko, na saa hii iko narudi ku mai." Halafu akauliza kama mama yangu anajua nilipo.

"Mama yangu iko ku hospitali."

Akaacha kucheka. Akafungua kitambaa chake, akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akasimama akinitazama ninavyokwenda.

Njia ya kiboko niliikuta kama alivyosema, mfereji wa tope laini katikati ya majani. Nilikuwa bado naifikiria namna ya kuivuka niliposikia pumzi. Ilikuwa kama gunia la pamba linaloangushwa chini, kisha lingine. Kando yangu palikuwa na kichuguu kikubwa. Nilikipanda kwa kucha na magoti, mtama ukamwagika wote, nikalala kifudifudi juu yake. Mgongo mweusi unaong'aa ulipita chini yangu, karibu sana hata nikaona mikwaruzo ya zamani kwenye ngozi na ndege mdogo amekaa juu yake bila wasiwasi. Ulipita, ukaingia mtoni, maji yakafungana juu yake. Sikulia. Nilitaka mtu wa kumwambia, na nilipofikiria ni nani, aliyekuja kichwani hakuwa Shangazi wala Vensensia.

Nilipoinua kichwa ndipo nikawaona. Uwanda ulioungua ulikuwa umekuwa kijani kibichi, na misambi walikuwa wametapakaa humo, wengi, mataji yao yakishika jua. Wote walikuwa wanafanana. Moyo uliniuma kuona kwamba wanafanana, kwamba yule ambaye kwangu alikuwa mmoja duniani alikuwa na wenzake wasiohesabika. Nikashuka upande wa pili nikasogea mpaka ukingoni, nikaita, sauti imekauka. Vichwa viliinuka vyote. Kimoja kilibaki juu. Akatoka kati ya wenzake, akija kwangu, akichechemea. Alifika karibu mpaka nikaona jicho lake jeupe na kile kidole kilichoungua. Nilinyoosha mkono nikaukunjua, hauna kitu, mtama umebaki kwenye kichuguu. Mami akautazama mkono, akanitazama mimi. Hakuogopa. Alinijua, jambo hilo sikubali mtu alikanushe, na Vensensia hakuwahi kulikanusha. Nyuma yake mmoja akaita, naye akageuza shingo.

Wakati huo nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa Shangazi. Mama Furaha alikuwa ameacha mafunjo yake akakimbia mpaka mashambani kumtafuta. Shangazi, ambaye sikuwahi kumwona bila kitambaa, alikuwa kichwa wazi, tope limemfika mapajani, na mikono imechanwa na majani. Nilifikiri atanipiga. Nikasema haraka, kabla hajanipiga, nikimwonyesha kwa kidole:

"Muliongopa! Mulisema hatarudi. Ona, Mami iko! Amenijua!"

Alimtazama ndege, akanitazama mimi. "Ulisikia wapi kama hatarudi?"

"Nilikuwa nyuma ya jiko. Katekista alisema ameenda."

Shangazi akakaa chini. Hakutafuta mahali pakavu, alikaa pale pale kwenye majivu yaliyolowa, kama mtu aliyekatwa miguu. Akanivuta kwa mkono mpaka uso wangu ukawa sawa na wake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumbani kwake alinitazama machoni asiyaondoe.

"Febroni," alisema. "Hatukuwa tunasema ndege."

Nakumbuka kwamba niligeuka kumtazama Mami, na Mami alikuwa amerudi kwa wenzake, akikanyaga-kanyaga ardhi na kula. Nakumbuka kwamba Shangazi alinikumbatia na kwamba alinuka tope na jasho, akasema kwa Kirundi maneno ambayo watu husema kwa mtoto mchanga. Tulikaa hivyo muda mrefu. Halafu kitu fulani kikawashtua misambi, wakaruka wote kwa pamoja, na kwa kitambo anga ilijaa weupe na sauti ya pembe. Nilijaribu kumfuata mmoja kwa macho nikashindwa. Shangazi alinibeba mgongoni kurudi nyumbani, ingawa nilikuwa mkubwa mno wa kubebwa, na Mama Furaha alitembea mbele yetu akilaza matete kwa mundu.

Majuma yaliyofuata nilikuwa nikiweka mtama nyuma ya nyumba kila jioni. Hakuna aliyenizuia. Mtama ulikuwa haba kiangazi kile, lakini nilipokosa kuuchukua Shangazi mwenyewe aliupima kwenye kiganja akaniletea, akasimama nami tukatazama upande wa mto. Hata sasa sijui nilikuwa nikimngoja nani. Mwili wa mtoto hauna sehemu mbili za kungojea; wote wawili walikaa mahali pamoja, na upepo ukisukuma mlango nilifurahi kwa ajili ya wote wawili.

Mvua za kwanza zilipoanza Shangazi aliomba nafasi kwenye kamyo inayopanda milimani, akanichukua twende kuona kaburi la mama. Tulipita Kamanyola, barabara ikaanza kujizungusha kwenye mlima, na baridi ikaingia ambayo sikuwahi kuijua. Sista mmoja alitupeleka nyuma ya hospitali akatuonyesha msalaba wa mbao, mmoja kati ya mingi. Nilijitahidi kuhisi kitu. Ulikuwa udongo tu, mwekundu, si kama wa kwetu. Shangazi alipiga magoti akasali, nami nikapiga magoti nikitazama chungu wanaotembea juu ya msalaba.

Tulipokuwa tunarudi tulipita mbele ya baraza ndefu ambako wanawake wagonjwa walikuwa wamelazwa kwenye vitanda wapate hewa. Kamba ilifungwa kwenye nguzo kuwazuia wageni. Mmoja wao, mwembamba kama fimbo, akainuka kwa viwiko.

"Mama, huyu ndiye mutoto wa musambi?"

Wakainuka wote, kitanda baada ya kitanda. Nilimtazama Shangazi, naye akatazama chini. Ndipo nilipojua kwamba mwaka ule wote, kila kamyo ilipopanda mlima, Shangazi wangu asiyesema alikuwa akienda barabarani kumpa dereva habari za kumpelekea mama: ndege amekula mchwa, ndege ameingia kanisani, ndege ameota taji. Mama alizisimulia barazani, na wanawake hawa ambao hawakuwahi kuniona walijua mpaka kidole kilichoungua. Kitanda cha mwisho karibu na nguzo, sista alikuwa amesema, ndicho kilichokuwa chake. Alilala hapo mwanamke mwingine, mgeni, na hata huyo alikuwa ameshahadithiwa.

"Na ule musambi, iko?" akauliza yule mwembamba.

Nilingoja Shangazi anisaidie. Hakunisaidia.

"Iko," nikasema. "Amepata wenzake."

"Na bado anacheza?"

Nimesahau kuandika kwamba Mami alikuwa akicheza. Misambi wote hucheza. Huinama, hufungua mabawa, huruka juu kama aliyekanyaga moto. "Anacheza," nikasema.

"Anacheza namna gani? Mama yako alitaka kutuonyesha, kikohozi kikamukamata."

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha uani. Nilisogea mpaka kwenye kamba, nikainama mbele yao. Nikafungua mikono, nikaruka. Mtu mmoja akapiga makofi, mwingine akafuata, makofi dhaifu ya mikono iliyobaki mifupa, na wengine wakacheka na kukohoa kwa pamoja mpaka sista akatoka ndani kuona kuna nini. Niliinama tena, nikaruka tena. Nilipogeuka nilimkuta Shangazi ameweka kikapu chake chini kwenye tope. Alikuwa amefungua mikono yake yote miwili, vidole vimetanuka, na taratibu, kwa haya, akainama mbele yangu, kama musambi anavyoinama anapomjibu mwenzake.